Na Miguu Nayo Hutunga

Katika baraza moja ya wapenzi wa ushairi, hapa hapa Unguja, niliomba nipewe nusu saa nizungumzie kazi za Faustin Linyekula, mtunzi wa ngoma kutoka Kisangani. Kabla sijamaliza ombi langu, mshairi mmoja mkubwa, ambaye namheshimu na kwa hiyo simtaji, aliniuliza: “Yule mnenguaji?” Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake tamu inayotufanya sote tumsikilize hata anapokosea, kwamba ushairi ni kazi ya waungwana na ngoma ni mambo ya vijakazi, na kila kimoja kina mahali pake. Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, na kicheko changu ndicho kinachoniuma zaidi. Makala haya ni jibu kwa mshairi yule, kwa waliocheka pamoja naye, na kwa nafsi yangu.

Tuanze na neno. Mnenguaji, kama tulitumiavyo, ni mtu anayetikisa kiuno mbele ya bendi, akatazamwa, akatunzwa, akasahauliwa kabla jasho halijamkauka. (Hata huyo anastahili heshima kuliko tunayompa, lakini hayo tuyaache kwa siku nyingine.) Linyekula hufanya kazi nyingine kabisa. Huchukua mwendo akaukata, akaupanga, akaurudia, akamnyima mtazamaji pale alipoutarajia, akamrudishia pale alipokwisha kukata tamaa nao. Mwenye kufanya hivyo kwa maneno tunamwita mtunzi. Mwenye kufanya hivyo kwa mgongo na nyayo tunamnyima jina hilo kwa hoja gani?

Na huo uungwana wa ushairi tunaojivunia, hebu tuutazame kwa karibu. Mkubwa wa washairi wetu wa kale ni Fumo Liyongo. Miongoni mwa mashairi yanayonasibishwa naye yamo ya gungu, na gungu ni ngoma. Maneno yale yalitungwa yaimbwe na watu waliosimama, si waliokaa na miwani puani. Utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, uliotungwa mwaka 1913, unatusimulia jinsi shujaa huyo alivyotoka kifungoni: mjakazi Saada alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na Liyongo akazikata pingu zake huku vishindo vya gungu vikiwaziba masikio walinzi. Mkate ulibebwa na mjakazi, na sauti ya tupa ilifichwa na ngoma. Muondoe mjakazi, iondoe ngoma, na mshairi wetu muungwana anauawa.

Sasa nirudi kwa mtu wangu. Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, mji ulio juu ya maporomoko ya Boyoma katika mto Lualaba, nchi ikiitwa Zaire wakati huo. Miaka ya tisini alikuwa Nairobi, na huko yeye pamoja na Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara. Mwaka 2001 alirudi kwao akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Alipata tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi mwaka 2007. Nayapitia haya upesi kwa kuwa tuzo si hoja yangu. Linalonishughulisha ni kwamba Kisangani aliyoichagua ni mji ambamo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita, mwezi wa Juni 2000, vichwani mwa wenyeji. Mtu ambaye majumba ya sanaa ya Ulaya yangempokea kwa mikono miwili akaenda kufungua mahali pa mazoezi katika mji huo.

Hapo ndipo msomaji wa visiwani anapopaswa kusimama kidogo, kwa sababu jina la Kisangani si geni kwetu. Tunajigamba, katika kila kongamano la lugha, kwamba Kiswahili chetu kimevuka maziwa na misitu hadi kikafika Kongo. Tunahesabu wasemaji kama mtu anayehesabu minazi yake. Hatuulizi kilibebwa na nani. Kilipanda pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Na mtu ambaye mwaka 1887 alifanywa wali wa Stanley Falls, mahali pale pale panapoitwa Kisangani leo, alikuwa mzaliwa wa Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip. Alirudi hapa, akafa hapa mwaka 1905, na nyumba yake ingali Shangani, wageni huipiga picha. Kabla ya kufa alieleza maisha yake kwa Kiswahili safi, na maelezo hayo, yaliyochapishwa na Heinrich Brode pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini, tunayasoma kama moja ya hazina za nathari yetu. Nami nayasoma. Mtu yule alijua kusimulia.

Lakini msomaji ayafungue tena akiwa na swali moja tu: ni nani waliotajwa? Biashara imo, deni limo, vita vimo, machifu wamo. Wapagazi walioibeba pembe ile mabegani hadi pwani, wengi wao hawana jina. Wala wanawake waliotekwa. Kiswahili kilichobaki huko nyuma kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Na wengi miongoni mwa waliojiita waungwana katika misafara ile walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, waliovaa kanzu na kushika bunduki ili wasirudi kuwa walivyokuwa. Hilo ndilo neno ambalo mshairi wetu alilitupa barazani kama ua la asumini. Neno hilo limetembea maelfu ya maili, na halikutembea peke yake.

Watu wa upande wa mama yake Linyekula ni Walengola, wakazi wa misitu ya pande hizo hizo za Ubundu. Kwa hiyo mtu huyu anatoka mwisho wa pili wa njia ambayo mwanzo wake ni gati letu. Anapotafuta wahenga wake, anakitafuta kitu ambacho babu zetu walishiriki kukivunja. Ndiyo maana nilitaka nusu saa ile.

Anakitafutaje? Mwaka 2011 alitunga Le Cargo, ambamo yuko peke yake jukwaani. Anajitambulisha kuwa ni msimulizi wa hadithi, kisha anauliza kama leo, baada ya miaka ya kusimulia, ataweza kucheza tu. Kazi hiyo inamrudisha Obilo, kijiji cha utoto wake kilicho kando ya reli iliyojengwa na Wabelgiji kuyakwepa maporomoko, ile ya kilomita 125 baina ya Kisangani na Ubundu iliyokamilika mwaka 1906. Anazifuata ngoma za kwanza anazozikumbuka, na hizo ni ngoma ambazo akiwa mtoto hakuruhusiwa kuzihudhuria. Tafadhali msomaji alitafakari hilo. Si mtu anayetuambia, “Hii ndiyo ngoma ya babu zangu, nimeirithi nzima, itazameni.” Anasema: nilikuwa nimelala, zikilia. Kazi nzima imejengwa juu ya kitu ambacho hakuwa nacho.

Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilimwalika. Aliomba kuona vitu vya Kongo vilivyomo ghalani, na humo akakuta sanamu ya Walengola, watu wa mama yake. Kazi iliyozaliwa hapo aliipa jina la Banataba, kijiji cha wazee wake wa kuukeni, na ili kuitunga ilimbidi asafiri mpaka kijijini. Fikiri juu ya safari hiyo kwa mkabala: mtu atoke Kisangani aende New York ndipo aonyeshwe kilichotoka nyuma ya nyumba ya bibi yake. Sisi ambao hati zetu nyingi za tenzi zimo katika maktaba za London tungepaswa kuwa watu wa kwanza kumwelewa.

Lakini lililonitoa machozi ni jingine. Ukoo ulipohesabiwa mbele yake, kizazi baada ya kizazi, yalitajwa majina ya wanaume. Wanawake hawakuwamo. Basi akamwomba mchongaji awachonge kwa mbao, na masanamu hayo yakawa pamoja naye jukwaani katika kazi aliyoiita, kwa maneno yetu, Mwili Wangu, Nyaraka Zangu. Ilirekodiwa London mwezi wa Machi 2020, katika jumba la Tate Modern lililokuwa limefungwa kwa sababu ya maradhi, bila mtazamaji hata mmoja. Sijui kama kuna namna iliyo sawa zaidi ya kuwachezea watu waliosahauliwa kuliko kuwachezea ukumbini pasipo mtu.

Kaulimbiu hiyo ya mwili kuwa nyaraka, nakiri, hunitia wasiwasi. Imekuwa tamu mno midomoni mwa waandaaji wa matamasha. Mwili husahau. Mwili husema uongo, hasa ukijua unatazamwa. Na nyaraka zilizoandikwa katika goti hufukiwa pamoja na goti. Ila kwa mtu ambaye karatasi zote za zama zake ziliandikwa na aliyemnunua, goti ndilo daftari alilobakiwa nalo, na mwenye kulidharau daftari hilo kwa kuwa halina kurasa amekwisha kuchagua upande wake katika ugomvi, akijua au asijue.

Wapo watakaoniunga mkono kwa sababu isiyo yangu, na hao inanibidi niwakatae mapema. Ni wale wanaosema: naam, ngoma za asili zihifadhiwe, lakini si kwa mikono ya Linyekula. Watanitajia kwamba mwaka 2009 aliitengenezea Comédie-Française tamthilia ya Racine, Bérénice. Kwamba katika kazi zake mna magitaa na ndombolo na vipaza sauti. Kwamba wahenga hawachezwi hivyo. Wahenga, wanasema, wachezwe walivyocheza wenyewe.

Mimi nauliza: hiyo asili mnayoilinda ilitoka kiwanda gani? Mwaka 1923 mjini Paris lilionyeshwa dansi liitwalo La Création du monde, uumbaji wa dunia kwa macho ya Kiafrika: muziki wa Milhaud, hadithi ya Cendrars, mapambo ya Léger, wachezaji wa Ballets suédois. Kila kitu cha Kiafrika kilikuwamo isipokuwa Mwafrika. Mwaka 2012 Linyekula aliishika kazi hiyo hiyo akiwa na wachezaji wa Ballet de Lorraine, akaipeleka jukwaani tena pamoja na swali la nani hakuwepo. Wala haikuwa Paris pekee. Mwaka 1974, katika zama za Mobutu za kurudi kwenye asili, zama ambazo raia waliamriwa hata majina wayabadilishe, Ballet national du Zaïre iliuchezea umma utenzi wa Lianja, shujaa wa Wamongo. Asili ikawa sare ya serikali. Mwaka 2019, katika kazi ya Histoire(s) du théâtre II, Linyekula aliwaleta jukwaani watatu kati ya wachezaji wa zamani wa kundi lile. Hakuwafanyia kejeli. Ujana wao uliishia katika ngoma ile, nayo ilikuwa nzuri na ilikuwa ya dikteta, na hakuna anayeweza kuyatenganisha mambo hayo mawili kwa kisu.

Na sisi tunayo yetu, ya hoteli. Nimekaa ufukweni nikatazama msewe, kibati na kipande cha unyago vikifuatana katika dakika kumi, khanga moja, tabasamu moja, ili samaki wa wageni wasipoe. Mtangazaji aliziita ngoma za asili za Zanzibar. Wanenguaji, kama neno hilo lazima litumike, ndiyo wale. Na kosa si lao, maana hao ndio watu pekee katika kisiwa hiki ambao mtu huwalipa kila wiki kwa kujua msewe.

Liko pingamizi zito zaidi na sitalikwepa. Kuna wenzetu wacha Mungu wanaoogopa kwamba kuwataja wahenga kwa ngoma ni kuita mizimu. Mimi ni mwanamke Mwislamu, wala simtaki mtu yeyote aite kitu. Kumjua bibi yako si kumwabudu. Na kama hoja ni kwamba mwili haufai kubeba jambo tukufu, basi tukumbuke maulidi ya homu: safu ya wanaume waliopiga magoti, bega kwa bega, wakiinama na kuinuka pamoja kama maji ya bahari yanayovuta pumzi, kwa tari na kwa sauti inayopanda polepole. Tunawasikiliza kwa machozi. Hajatokea mtu akawaita wanenguaji. Tunajua vizuri sana, kumbe, kwamba bega linaweza kusema. Tulichokiamua ni mabega ya nani yasikilizwe.

Siombi Linyekula asifiwe. Ahukumiwe. Sisi wa ushairi tuna makali: beti likipungua mizani moja tunaliita guni na mtunzi halali usiku. Makali hayo hayo tuyapeleke kwenye ngoma. Mimi naanza: Linyekula husema mno. Katika baadhi ya kazi zake maneno hutangulia mbele, hadithi ya vita na ya nchi iliyobomoka humshika mtazamaji wa Ulaya hadi akasahau kutazama mguu, na makofi yanayopigwa huwa ni ya huruma. Natamani pahala fulani anyamaze. Pia ni kweli kwamba fedha za kazi nyingi hizo hutoka kwa majumba ya sanaa ya Ulaya, na mwenye kulipa hana budi kuwa na mahali pa mbele pa kukaa. Haya ni mambo ya kujadiliwa na watu wazima. Lakini huwezi kuyajadili ikiwa swali lako la kwanza na la mwisho ni kama mtu huyu ni mnenguaji.

Bibi Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alipofariki mwezi wa Aprili 2013, tuliandika. Tuliandika juu ya sauti yake, sigara zake, umri wake uliobishaniwa, safari zake. Mashairi ya rambirambi yalikuwa tele. Alikuwa pia mpigaji wa msondo na kungwi, na wanawake wengi wa kisiwa hiki waliingia utu uzima mbele ya ngoma yake. Ni nani katika sisi aliyeandika ukurasa mmoja juu ya mkono wake wa kulia? Namna ulivyochelewa kidogo kabla ya kushuka?

Mimi nilichezwa. Yaliyomo ndani siyaandiki na sitayaandika. Mwiko ule nimeukubali na hauzuii hoja yangu. Hata Linyekula hakuvunja mlango wa Obilo. Alicheza kufungwa kwake. Ila naweza kusema hili, ambalo kila aliyechezwa analijua: katika nyimbo zile mna maneno ambayo si Kiswahili, ya Kiyao, ya Kinyasa, na mengine ambayo waimbaji wenyewe hawayajui maana. Mdomo unayatamka bila kuyaelewa, na mguu unayafuata bila kukosea. Waliokuja na maneno hayo hawakuja kwa hiari yao, na hakuna shairi hata moja la waungwana lililowauliza habari.

Somo yangu yu hai bado, Ng'ambo, macho yamepungua nguvu. Baada ya baraza ile ya kicheko nilikwenda kumwamkia. Nikamwomba asinieleze lolote la ndani, anitajie tu nani alimcheza yeye.

Hakufikiri hata kidogo. Alimtaja somo yake. Kisha akamtaja aliyemcheza somo yake, na mtaa aliokaa, na ugonjwa aliofia. Kisha wa tatu. Wote wanawake, wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine, hakuna mume wala baba aliyetiwa kati. Nikakumbuka masanamu yale ya mbao. Huku kwetu, katika chumba cha uani, orodha iliyokosekana Banataba ilikuwa ikihifadhiwa bila kalamu.

“Na wa nne, somo?”

“Wa nne Mmanyema.”

“Jina lake nani?”

“Ndilo hilo, mwanangu. Alikuja na watu wa pembe, akaitwa Mmanyema mpaka anazikwa. Ule mguu wa mwisho, ule unaokushindaga wewe, ni wake yeye.”

Nikamwuliza kama hakuwa na jina la kwao. Akanyamaza, akalitafuta kwa muda kama mtu anayepapasa kitu chini ya godoro, kisha akasema hajapata kumsikia mtu aliyemwuliza.